Haidrojeni ya bakteria: jinsi ya kuchagua membreni bila kumwaga ile gesi yenye ulikuwa unataka

Wasee, kama uko na chupa yako inachachuka pale kwa kona, molasi ya agroveti na mavi ya ng'ombe, na gesi inatoka vizuri, hongera, hiyo ndo ilikuwa sehemu rahisi. Kazi inaanza ukitaka kuitumia, ju chenye kinatoka pale si haidrojeni peke yake, na ile siku utaanza kusoma kuhusu membreni, yaani ukuta mwembamba wa kuchagua gesi gani ipite na gani ibaki, utapata majina mengi ya plastiki hadi kichwa kiume. Nitaeleza venye mi huchagua na venye hupima, kwa kiwango cha meza, si cha kiwanda.

Mi nlianza vibaya. Nlichukua mita mbili za mpira wa silikoni, ule mweupe laini, nikaunganisha chupa na tyubu ya gari ya kushikia gesi, ju ule mpira unapinda vizuri na haupasuki, nikaenda zangu. Kesho yake tyubu imelegea, gesi iko kama nusu ya ile nlitarajia. Nikasema kuna mahali inavuja, nikapaka maji ya sabuni kila kiungo, hakuna povu hata moja. Siku kadhaa baadaye ndo nikakaa chini na kalamu, kumbe mpira wenyewe ndo ulikuwa membreni na mi nlikuwa nauita bomba. Mpira wa mita 2, tundu la milimita 6, ukuta wa milimita 1.5, unapitisha zaidi ya nusu lita ya haidrojeni kwa siku, na kaboni dayoksaidi karibu mara tano ya hiyo, na wakati huohuo naitrojeni na oksijeni za hewa ya Kariobangi, hapa Nairobi, zinaingia ndani polepole. Hakuna tundu. Gesi inapita kwa ukuta tu.

Kwa hivyo kabla ya kununua chochote, bomba zako zote ziwe za shaba, zile mafundi wa friji hutumia, ama naironi ngumu ya presha ya hewa, hizo ziko Grogan, kule kwa maduka ya spea hapa mjini, kibao. Silikoni tutairudia, iko na kazi yake.

Hatua ya 1: jua gesi yako ina nini

Kwa uchachushaji wa gizani, bakteria wa jamii ya Klostridiamu wakikula sukari wanatoa haidrojeni na kaboni dayoksaidi, mara nyingi haidrojeni ni kati ya 40% na 60% na ingine karibu yote ni kaboni dayoksaidi. Kwa karatasi molekuli moja ya glukosi haiwezi kutoa zaidi ya molekuli 4 za haidrojeni kwa njia hii, na kwa ukweli huwa unapata chini ya hapo. Ukiona methani inatokea ujue ulikosea mwanzo, hukuchemsha mavi vizuri kuua wale wanaokula haidrojeni na kutoa methani. Hapa Nairobi maji yanachemka kwa kama nyuzi 94 ju tuko juu, karibu mita 1,800, lakini usijali, 94 inatosha, acha ichemke nusu saa tu.

Alafu kuna mvuke wa maji. Gesi ikitoka kwa chupa ya nyuzi 37 imeshiba maji, presha ya mvuke ni kama kilopaskali 6.3, na hewa yetu hapa ni kama kilopaskali 82 tu, hivyo karibu 8% ya gesi yako ni maji. Na kuna haidrojeni salfaidi, ile ya kunuka yai bovu, kidogo tu lakini ndo mbaya kuliko zote.

Hatua ya 2: usilipuke

Hii sitazunguka. Haidrojeni inashika moto kuanzia 4% hadi 75% ikiwa kwa hewa, cheche ndogo sana inatosha, na moto wake mchana huwezi kuuona. Usifanye hii kitu kwa bedsita. Fanya mahali pana madirisha ya juu ama paa lina nafasi, ju haidrojeni hupanda. Mota ya brashi inatoa cheche, usiiweke karibu. Na haidrojeni salfaidi ikizidi inaua pua kwanza, unaacha kuinusa unafikiri imeisha na bado iko, so usitegemee pua.

Hatua ya 3: amua nani apite

Hapa ndo watu wengi wanakosea, na mi pia. Mtu anauliza "membreni gani ni nzuri kwa haidrojeni" na hilo swali limekaa vibaya. Uliza hivi: kati ya haidrojeni na kaboni dayoksaidi, nataka nani apite ukutani na nani abaki? Ju kuna membreni za kila upande, na ukikosea utakusanya taka kwa mfuko safi na kuachilia haidrojeni dirishani.

Membreni nyingi za plastiki hazina matundu. Gesi inayeyuka ndani ya plastiki upande mmoja, inajipenyeza polepole, inatokea upande mwingine. Kwa hivyo kuna mambo mawili, kuyeyuka na kupenya. Molekuli ya haidrojeni ni ndogo, upana wa nanomita 0.289, kaboni dayoksaidi ni 0.33, lakini kaboni dayoksaidi inayeyuka kwa plastiki vizuri zaidi sana. Sasa chukulia matatu saa kumi na moja jioni. Kwa plastiki ngumu ni kama ile gari imejaa hadi mlangoni, mwembamba ndo anapenya, so haidrojeni inatangulia. Kwa plastiki ya mpira mpira nafasi si shida, anayeingia kwanza ni ule anajulikana na konda, na huyo ni kaboni dayoksaidi.

Plastiki ngumu yenye utasikia sana ni polisalfoni. Kampuni ya Monsanto huko Marekani ndo iliifanya biashara karibu mwaka wa 1980, nyuzi nyembamba zenye tundu katikati, maelfu kwa mtungi mmoja, kwa jina la Prism, ya kuokoa haidrojeni kwa viwanda vya amonia. Ilifanya kazi poa sana. Lakini angalia, kule walikuwa wanatenganisha haidrojeni na naitrojeni, na polisalfoni inapitisha haidrojeni zaidi ya mara 50 kuliko naitrojeni. Kwa kaboni dayoksaidi hiyo tofauti inaanguka hadi kama mara 2.5 tu. Fanya hesabu: ukianza na nusu kwa nusu, gesi yenye inapita mwanzo haiwezi kuzidi 71% haidrojeni. Pitisha tena, 86%. Tena, 94%. Na kila mara gesi inatokea upande wa presha ya chini, unarudi kuipampu upya. Mtu akikuambia polisalfoni ni ya haidrojeni hajadanganya, ni vile hajakuuliza gesi yako ingine ni gani.

Poliimidi, plastiki ingine ngumu, kama ile inauzwa kwa jina la Matrimid, iko jirani hapo, inavumilia joto kuliko polisalfoni, lakini kwa joto la kawaida uwiano wa haidrojeni na kaboni dayoksaidi si tofauti ya kukufanya ulie. Kuna polibenzimidazoli, plastiki ngumu pia, hiyo inaamka ukiipasha zaidi ya nyuzi 200, na kama chupa yako iko nyuzi 37 utakuwa unachoma stima kupasha gesi yenye bado ni chafu.

Paladiamu najua utaniuliza. Ni chuma, inapitisha haidrojeni pekee, inatoka safi ajabu. Thomas Graham aliona paladiamu inavyofyonza haidrojeni tangu 1866. Lakini inataka nyuzi 300 kwenda juu, ikiwa chini ya hapo na haidrojeni iko ndani inapasuka, ndo maana huchanganywa na madini ya fedha (silva) kama 23%, na salfaidi kidogo tu inaiharibu. Bei ni ya sonara. Wacha hiyo.

Upande ule mwingine sasa. Silikoni inapitisha kaboni dayoksaidi kama mara 4 hadi 5 kuliko haidrojeni. Pebax, ambayo ni mchanganyiko wa sehemu ngumu na sehemu laini, inafika karibu mara 10. Uzuri wa hizi ni kwamba haidrojeni inabaki upande wa presha, huhitaji kuipampu tena. Ubaya ni kwamba kuna haidrojeni inatoroka pamoja na taka. Ukitaka kutoka 50% hadi 90% kwa silikoni, hata upande wa pili ukiwa vakyumu kabisa, unapoteza kama 42% ya haidrojeni yako njiani. Kwa Pebax ni kama 22%. Hiyo nlifanya mwenyewe kwa karatasi na ilinikasirisha, ju nlikuwa nimeshafurahia silikoni. Ni hapo ndo nikahamia ile njia iko chini kidogo.

Na kabla sijasahau: usiende kuokota chujio la figo lililotumika ati ju ni la polisalfoni. Lina damu ya mtu, na matundu yake ni makubwa mara nyingi kuliko gesi, presha itapotea tu. Membreni ya duka la maji ya rifili nayo imetengenezwa ikae na maji, ikikauka hovyo inaharibika.

Hatua ya 4: toa salfaidi, alafu maji

Kwa huo mpangilio, usigeuze. Jaza bomba la plastiki na waya wa kusugulia sufuria ulioachwa ukashika kutu, kutu inashika salfaidi ikiwa na unyevu kidogo, ndo maana haikaushwi kwanza. Ikigeuka nyeusi kote, badilisha, na uimwagie maji ukitoa ju ikikutana na hewa inapata moto. Kukausha kwa silika jeli, zile punje za kufyonza unyevu, kunangoja hadi mwisho kama utafuata hatua inayofuata, kama unatumia nyuzi za polisalfoni kausha kabla, matone ya maji yakiingia kwa zile nyuzi yanaziba.

Hatua ya 5: silikoni ndani ya magadi

Hii ndo napenda. Shida ya silikoni ilikuwa haidrojeni inatoroka na taka, si ndio? Sasa badala ya kuacha upande wa pili ukiwa hewa, uweke maji. Kaboni dayoksaidi inayeyuka kwa maji mara 40 hivi kuliko haidrojeni. Na maji yakiwa na soda, kaboni dayoksaidi inafika tu inageuzwa kuwa baikaboneti, kwa hivyo inaendelea kuvutwa. Haidrojeni nayo ikifika inajaza maji kidogo alafu inakwama, haina mahali pa kwenda. Ule mpira mmoja wa 5 kwa 1 unakuwa na uchaguaji mkubwa zaidi bila kubadilisha plastiki.

Na soda tuko nayo, ni magadi, inachimbwa pale Ziwa Magadi kwa Wamasai, mama yako huweka kwa githeri iive haraka. Lakini jua kwamba magadi ya mawe ya kupikia tayari iko na nusu ya baikaboneti ndani, yaani imeshatumika kiasi kabla uinunue. Soda ashi, ile ya watu wa sabuni, ni bora. Ama ioke magadi kwa karai kavu kwa moto mzuri hadi iwe unga mweupe mkavu, inaachilia maji na kaboni dayoksaidi.

Chukua mtungi wa lita 5 wa mafuta ya kupikia, uoshe vizuri. Chemsha maji utoe hewa iliyo ndani, yapoe yakiwa yamefunikwa, weka gramu 250 za soda ashi. Usizidishe sana ju baikaboneti haiyeyuki vizuri kama soda, itaganda kwa mpira. Kunja mita 5 za mpira wa silikoni wa ukuta mwembamba, ingiza ndani, ncha mbili zitoke kwa kifuniko kwa njia ya viungo vya shaba ama plastiki, silikoni yote izame isitokeze hata sentimita. Jaza hadi juu kabisa usiache hewa, ukiacha nafasi haidrojeni itajikusanya pale, na hiyo ni bomu ndogo. Toboa kitundu kimoja na kamrija ka plastiki kaende chini ya maji kwa kikombe, ili presha isipande. Vaa miwani.

Gesi ipite ndani ya mpira polepole, hiyo presha kidogo ya chupa yako ya kuchachusha inatosha, na ni vizuri isiwe kubwa ju bakteria wakibanwa na haidrojeni wanapunguza kazi. Tikisa mtungi mara kadhaa kwa siku, ju maji yaliyo karibu na ukuta wa mpira yanachoka kabla ya yale ya mbali. Haidrojeni yenye utapoteza kwa maji ya lita 5 ni kama mililita 45, na hiyo ni mara moja tu ukianza na maji mapya.

Kwa karatasi gramu 106 za soda ashi zinameza kama lita 30 za kaboni dayoksaidi kwa hewa yetu, kwa hivyo gramu 250 ni lita 70. Kama unatoa lita 3 za kaboni dayoksaidi kwa siku ni wiki tatu, lakini baada ya nusu inakuwa mvivu.

Mtu atasema si basi upitishe gesi moja kwa moja kwa kostiki soda, mapovu tu, umalize. Ndiyo, kwa chupa moja unaweza, na itakuwa haraka zaidi. Lakini mapovu yanataka presha, yanarudisha maji nyuma kwa chupa usiku joto likishuka, na kostiki moja ikirudi kwa bakteria wako umeua kila kitu. Nimeua. Mpira unakaa katikati, gesi na dawa hazigusani.

Hatua ya 6: kama una membreni ya kweli na unataka presha

Wale wako na kipande cha polisalfoni ama Pebax kutoka kwa maabara ya chuo, mnahitaji presha bila mota. Ploti nyingi Nairobi ziko na tanki juu ya paa. Mita 10 za maji ni karibu baa 1. Kama tanki iko gorofa ya nne juu na wewe uko chini, una baa 1.2 hivi za bure. Tafuta tanki ya chuma ya presha, zile za pampu ya maji, jaza gesi, fungulia maji ya paa yaingie kwa chini, yatasukuma gesi. Mtungi wa plastiki usithubutu. Lakini usitarajie maajabu: baa 1.2 juu ya hewa yetu inamaanisha presha ya ndani ni kama mara 2.5 ya nje, na kwa silikoni ile taka ya kwanza ya kaboni dayoksaidi inashuka kutoka 83% hadi kama 72%. Presha ndogo inapunguza uchaguaji hata membreni ikiwa nzuri.

Na uangalie unene. Kipande cha polisalfoni cha maikromita 30, eneo la sentimita 20 za mraba, kwa tofauti ya baa 3, kinapitisha haidrojeni safi mililita 7 au 8 tu kwa saa. Polisalfoni ni kama Barrer 14 kwa haidrojeni, silikoni ni mamia (Barrer ni kipimo cha venye plastiki inapitisha gesi). Ndo maana kule kiwandani wanatengeneza nyuzi zenye ngozi nyembamba chini ya maikromita moja juu ya sponji ya plastiki hiyohiyo, na Monsanto walipaka silikoni juu kuziba vitundu vya bahati mbaya. Ukipata filamu nzito ujue unapima sifa ya plastiki, hujatengeneza mtambo.

Kuipima: bana filamu kati ya flenji mbili na oringi, paka sabuni nje utafute povu, alafu upande wa pili unganisha na bomba la kioo lenye alama za mililita na povu moja la sabuni ndani. Hesabu sekunde povu likipanda. Anza na naitrojeni, kaboni dayoksaidi iwe mwisho ju inalainisha plastiki na vipimo vya baadaye vitakudanganya. Na lita ya Nairobi si lita ya vitabu: kwa kilopaskali 82 na nyuzi 23, zidisha kwa 0.75 kabla ya kulinganisha na namba za mtu yeyote.

Hatua ya 7: pima ulichopata

Sindano ya mililita 60 kutoka duka la dawa, bila ile chuma ya kudunga. Vuta mililita 50 za gesi, alafu vuta mililita 10 za kostiki soda, ziba, tikisa dakika moja ukiwa na glovu, achilia ncha ndani ya maji usome. Chenye kimepungua ni kaboni dayoksaidi, mililita 5 ni 10%. Iliyobaki ni haidrojeni pamoja na hewa yoyote iliyoingia, na hiyo sindano haiwezi kutofautisha, utahitaji kromatografi ya gesi, mashine ya maabara ya kutenganisha na kupima gesi. Ukipeleka sampuli kwa maabara ya chuo, uliza wanatumia gesi gani ya kubeba sampuli ndani ya mashine. Kama ni heliamu mwambie fundi ajaribu agoni ama naitrojeni, ju heliamu na haidrojeni zinapitisha joto karibu sawa na mashine haitaiona vizuri. Peleka kwa sindano yenye valvu, siku hiyohiyo, usipeleke kwa baluni.

Kama lengo ni fueli seli, kile kifaa cha kugeuza haidrojeni kuwa stima, kaboni dayoksaidi kidogo itapunguza nguvu tu, lakini salfaidi inaua platini, ile metali ya ndani yenye hufanya kazi. Kiwango cha ISO 14687 cha magari ni haidrojeni 99.97% na salfa isizidi sehemu 0.004 kwa milioni, na huo mtungi wako wa magadi hautafika huko. Kwa jiko dogo ama kumwonyesha mwanafunzi taa ikiwaka, unatosha, mradi silika jeli mwishoni bado iko na rangi yake. Sindano ikianza kupungua zaidi ya mililita 5, mwaga yale maji kwa choo, weka soda mpya, na uangalie mpira kama kuna utelezi wa ukungu ndani, ukiwa nao osha na maji moto uanze tena.